Shikamoo Iliyonipotezea Mechi

Bashay, Jumapili

Na kosa ni langu mwenyewe, ndiyo maana linauma. Nani alinituma nimwamkie mpinzani?

Lakini yule mzee ana miaka arobaini na moja, mvi mpaka kwenye ndevu. Jana Arusha tulipokutana kwenye wavu wa tenisi kurusha sarafu, mdomo ukafunguka wenyewe: "Shikamoo." Akaitikia kwa raha zake, "Marahaba, mwanangu." Hapo nilikuwa nimeshafungwa.

Mechi za mchujo hazina mwamuzi. Kila mchezaji anaamua mpira ulioangukia upande wake. Seti ya tatu, tano kwa tano, nikapiga mpira ukagusa mstari, nikaona chokaa ikiruka.

"Umetoka, mwanangu," akasema kwa upole, kama ananikumbusha kuvaa sweta.

Mtu uliyempa shikamoo humwiti mwongo. Mipira ya namna hiyo ilikuwa minne, nimehesabu. Nimefungwa saba kwa tano.

Ningeshinda, ningeingia mashindano yenyewe. Sasa mwaka wangu wa kwanza wa tenisi ya kulipwa unaisha na pointi sifuri kwenye orodha ya viwango. Mimi niliyejifunza peke yangu kwenye ukuta wa ghala la mahindi. Ukuta haudanganyi, wala hausubiri kuamkiwa.

Leo nimemsimulia mama yote. Akauliza kitu kimoja tu.

"Lakini ulimwamkia?"

"Nilimwamkia."

"Basi umenitunzia heshima yangu."

Sawa. Nikipangwa naye tena, nitakwenda kwenye wavu nimejaza maji mdomoni. Shikamoo yake ataipata nikishamfunga.