Mabenchi Niliyosema Yako Mlandizi

Jumanne, 15 Oktoba 2024

Hujambo daftari langu? Miezi miwili sijakugusa, nisamehe. Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio haujakaa vizuri, ndiyo maana nimekutafuta.

Leo tulikuwa tunamwaga linta ya kanisa, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Mbao za kufungia upande wa pili zilitakiwa zifike saa tatu. Lori likaharibika njiani. Zege limeshachanganywa, wingu limejaa. Fundi Zahoro akanipigia simu niko sokoni. Mama Atupele, zege linaganda huku, nichukue mabenchi ya kanisa? Nikamwambia chukua, Bwana atatupa mengine. Sikuuliza mangapi. Sikusema nisubiri nije.

Nafika — yote kumi na mawili! Yameng'olewa, yamekatwa, yamepigiliwa misumari. Hata lile la mbele la marehemu Mzee Hilario, alilolichonga kwa mkono wake mwaka tulioanza kusali hapa Tangini. Zahoro ananiangalia: si ulisema chukua, mama?

Nilisema.

Jumapili, 20 Oktoba

Ibada chini ya turubai. Mvua imetukuta katikati ya mahubiri, waliokaa pembeni wamelowa chapachapa. Tuliwaahidi kanisa litaisha Agosti. Tukasema Septemba. Sasa tunasema Krismasi. Familia tatu zimeshahamia kanisa lingine. Na mimi ndiye katibu wa ujenzi, mimi ndiye nasoma matangazo, kila Jumapili vumilieni wapendwa, vumilieni wapendwa.

Leo nimemaliza kusoma, Bibi Genoveva akanyoosha mkono. Huyu ni mjane wa Mzee Hilario. Mwanangu, mabenchi yetu mmeyaweka wapi, yasije yakanyeshewa?

Nikasema yako salama Bibi, yamehifadhiwa Mlandizi, kwa kaka yangu.

Neno limetoka lenyewe! Kaka yangu yuko Tukuyu, Mlandizi hata kupafahamu hapafahamu. Wakapiga makofi. Bibi akanishika mkono, akasema kamati nzima hii, wewe ndiye ninayekuamini.

Chakula cha mchana kimenishinda.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimemwambia Mchungaji Onesmo. Akasema tukisema sasa hivi tutawapoteza watu, acha mpaka siku ya kuweka wakfu, atatafuta mengine. Nikafurahi. Hilo ndilo linaniuma — nilifurahi! Nilirudi nyumbani naimba.

Jumamosi, 2 Novemba

Msaragambo, kazi ya pamoja ya kujitolea. Wamekuja watu themanini, sijawahi kuona! Wanaume kwenye tofali, sisi wamama kwenye sufuria. Herieth, mwenyekiti wetu wa wamama, hana dogo. Kamwambia Zahoro, fundi, kwa pilau hili tutakubatiza. Zahoro akajibu, shemeji, turubai lenu limenimwagia maji mara nne, umebaki ubatizo gani tena? Tumecheka mpaka basi.

Kuni zikatuishia. Herieth akaenda nyuma ya kanisa, akarudi na vipande vya mbao vimeganda zege. Akavisukumiza chini ya sufuria.

Nilivitambua, ni vya mabenchi. Nikaendelea kumenya vitunguu.

Bibi Genoveva alikuwa amekaa karibu na moto. Akasema kuni hizi hazina moshi, nani anatupa mbao nzuri hivi? Akala, akaongeza. Akaniuliza mbona unalia mwanangu. Nikasema vitunguu, Bibi.

Mungu wangu. Tumemlisha kwa kuni za benchi la mumewe!

Jumapili, 10 Novemba

Leo sikusoma matangazo peke yangu. Herieth alisimama. Wamama wameamua: Jumamosi wanakwenda Mlandizi kuyapiga mabenchi msasa na vanishi, Krismasi yang'ae. Vanishi ipo. Msasa upo. Mume wake atatoa kirikuu yake ya kubebea mizigo. Vigelegele! Na familia moja kati ya zile tatu imerudi leo, wamekaa mbele kabisa, baba anatabasamu.

Herieth akanigeukia: mwambie kaka yako aache ufunguo.

Nikasema sawa.

Sawa!!

Jumatano, 13 Novemba

Mchungaji yuko Kisarawe kwenye semina mpaka Jumapili. Simu inakatikakatika. Akasema waambie kaka amesafiri. Sauti ya mtu aliyechoka, hata kumlaumu siwezi. Yeye ameuficha uongo, lakini aliyeuzaa ni mimi. Nikajibu ndiyo Baba.

Nimepiga magoti kusali. Nimeishia katikati. Ninaomba nini? Kaka asafiri?

Jumamosi, 16 Novemba

Saa mbili asubuhi. Wamefika. Kumi na wanne, wamejaa uani, vilemba vya sare, wanaimba. Herieth anapiga honi: we Mama Atupele, unajipamba hivyo unaenda kuolewa Mlandizi? Nimejibu navaa viatu. Nimekaa kitandani naandika.

Nimemtumia Mchungaji ujumbe huu, nanakili hapa ili nisije nikajidanganya baadaye:

Bwana asifiwe Baba Mchungaji. Habari za Kisarawe. Wamama wako mlangoni. Kwamba kaka amesafiri siwezi kusema. Natoka kuwaambia mabenchi yamekatwa, na aliyeruhusu ni mimi, siyo fundi. Zahoro asije akasingiziwa. Wakiondoka wote, lawama ni yangu. Kama hutaki nitaje kwamba ulijua, niambie. Naomba unijibu upesi.

Tiki moja, haujamfikia.

Wanampandisha Bibi Genoveva mbele, kwa dereva. Polepole, shikeni mguu, hivyohivyo. Namsikia anawaambia, lile la Mzee asiliguse mtu, nitalipaka mwenyewe.

Bado tiki moja.

Viatu nimeshavaa.