Jumatano ya Wasichana

Jumatatu, 4 Juni
Nimegeuza dagaa mara tatu, mchanga bado una unyevu. Mgongo unauma. Tabu wangu karudi kutoka shule kanuna. Kisa ni mwalimu mpya, Mwalimu Semboja. Kila Jumatano anawatoa watoto nje. Wanapanda kilima, wanapima vivuli vya miti, halafu wavulana wanashuka ziwani kufundishwa kuogelea. Wasichana wanapelekwa kupalilia mihogo ya shule. Binti yangu ana miaka kumi na moja, hajui kuogelea. Mimi pia sijui. Mdogo wangu alikufa hapahapa Ujiji akiosha karai la dagaa. Maji ya kifua cha mtu mzima. Dagaa tunaanika sisi, maji tunachota sisi, kuogelea waogelee wao. Nimekasirika hata ugali umenishinda.

Jumanne, 5 Juni
Nimekwenda shule. Nilivaa khanga mpya nisidharauliwe. Mwalimu ni kijana, mtu wa Tanga, ana adabu, shikamoo yake ya kweli. Anasema si yeye anayewakataza wasichana, wazazi ndio watakaokataa. Nikamwambia mzazi ndiye huyu. Akasema nikipata wazazi watano atawafundisha wote. Nilipotoka nilianza kuhesabu majirani kwa vidole.

Jumamosi, 9 Juni
Tulikuwa wanne kwa shida. Mama Feza, jirani yangu Mkongo, alikubali kabla sijamaliza kusema. Wengine pale mwaloni, mitumbwi inaposhushia dagaa, walicheka.
"Mama Tabu, unataka mkwe kambale?"
Nikawajibu kambale hapigi mke. Wakacheka zaidi, na mmoja akamtoa binti yake. Watano wametimia.
Tumeshona kaptula za kitambaa cha marekani za kuvaa ndani ya gauni. Mtu asipate la kusema.

Jumatano, 13 Juni
Wameingia majini. Nilikaa kwenye jiwe. Tabu alimeza maji, akalia. Nikasimama niingie. Mwalimu akanionyesha kwa mkono nikae. Nikakaa. Nilimchukia kabisa. Tabu akarudi majini mwenyewe, hakutumwa na mtu.

Alhamisi, 14 Juni
Mitumbwi ya Shemeji Hamisi imerudi mitupu, siku ya pili leo. Huyu ni kaka wa marehemu mume wangu, na dagaa ninaoanika wanatoka kwake. Kaja mlangoni hakuketi. Anasema wasichana wameharibu ziwa, mwanamke akichezea maji ya wavuvi dagaa wanahama. Tabu akiingia tena Jumatano, nisimfuate kuomba dagaa.
Naogopa. Nina watoto watatu.

Jumamosi, 16 Juni
Kikao kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Shemeji kasema, wanaume wakaitikia. Nikaomba nafasi. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. Nikasema siku ya kwanza mitumbwi ilirudi mitupu alfajiri, wasichana hawajalowa hata kidole. Tena nikamuuliza Shemeji, usiku wa jana mwezi ulikuwaje? Kila mtu hapa anajua kwamba mwezi ukiwa mzima karabai za kuvutia dagaa zinapumzika, watu wanashona nyavu. Lakini wiki hii wavuvi wameambiwa mgeni kutoka wilayani anakuja kuona uzalishaji, na hakuna aliyethubutu kusema hapana. Wakatoka kuvua. Nikasema: "Dagaa gani atafuata taa yako, Shemeji, na Mungu kawasha yake?"
Wazee wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Balozi kasema wasichana waendelee.
Shemeji hakucheka. Nimemwaibisha mbele ya watu, najua. Sikumwomba radhi.

Jumatatu, 18 Juni
Shemeji kasisitiza neno lake, Tabu akiingia Jumatano dagaa sipati. Mimi nashika langu.

Jumatano, 20 Juni
Tabu ameelea chali. Amehesabu mpaka thelathini. Mama Feza kanishika mkono akaniumiza.

Jumatatu, 25 Juni
Mwezi umepungua, dagaa wamerudi tele. Wanawake wote wanaomwanikia Shemeji wana kazi, mimi sina. Nimekwenda mwalo wa Katonga kwa miguu kununua dagaa wa kuanika, karai kichwani. Kisigino kimepasuka. Njiani mke wa Shemeji kanishauri nimtoe Tabu majini, mambo yaishe. Nikamwambia amsalimie mumewe.

Jumatano, 27 Juni
Nimekaa kwenye jiwe. Maji yametulia. Mwalimu kawaacha waende mmoja mmoja mpaka mtumbwi ulipofungwa, mbali kidogo, kisha warudi. Feza aliishia katikati, mwalimu akamshika. Tabu kaenda mpaka mtumbwini akarudi. Mtoto huyu tangu anajifunza kutembea, akifika mlangoni anageuka kuona kama nipo. Leo nilingoja ageuke. Hakugeuka. Niliona kisogo chake tu, kinazidi kuwa kidogo.
Sikumwita.
Kesho Katonga tena.