Jina la Asali ya Rungwa

Unyambwa, Singida
20 Juni 2004

Shemeji Philipo,

Hatujambo. Alizeti tumevuna, ingawa ndege walitutangulia.

Juzi ukoo ulikaa kugawa vitu vya marehemu kaka yako Peniel. Koti alichukua baba mkubwa Chediel, baiskeli akapewa binti yetu Eliana. Nilipotaja majina ya tovuti aliyonunua kwenye intaneti ili ayauze, baba mkubwa akauliza, “Sasa mkwe, kitu kisichoshikika tukigaweje?” Tulicheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Shemeji, majina yote aliyaandikisha kwa jina lako, na nimesikia tajiri wa Dar amekuandikia akilitaka lile la asali ya Rungwa. Mengine uza. Hilo Peniel alikataa kuliuza mara mbili, kwa sababu aliwaahidi warina asali kwamba wakipata chama chao atawapa bure. Chama wamekipata mwezi huu. Walikuja kunipa pole na ndoo ya asali, na habari ya jina hawakuigusa. Naona walinionea haya. Kwa hiyo nakuomba mimi: wape.

Najua una mengi. Ukipata nafasi ya kusali, unikumbuke.

Shemeji yako,
Febronia