Vicheche Wawili na Shali ya Bi. Lettice

Heckworth, Yorkshire

Dada yangu mpendwa Mavis,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Roland na watoto, na kwamba jua la huko Australia halijawakausha kabisa. Sisi huku hatujambo. Mvua ni ile ile na kifua cha Baba ni kile kile. Asubuhi anakohoa vumbi la makaa ya mawe, kisha anawasha kiko chake kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi ni mzima wa mwili. Wa moyo usiniulize, maana huo ndio ulionishikisha kalamu.

Duchess amekufa. Yule kicheche wetu mweupe wa kuwindia sungura, uliyemwacha angali mdogo, alikufa kwa uzee, usingizini, na Baba akamzika nyuma ya banda karibu na kabichi. Lakini aliyetutia mashaka ni aliyebaki. Tinker, dume lake, aligoma kula. Unamwekea nyama ya sungura, ananusa tu, anarudi kujilaza kwenye majani makavu ya marehemu. Baba akasema kicheche mmoja ni nusu kicheche, na asipopata mwenzake hataufikia msimu wa kuwinda.

Nikasema nitamchagulia mimi. Nani mwingine? Tangu Mama atutoke, ni nani anayesafisha banda lile, ni nani anayeng'atwa vidole? Unajua Baba alinijibu nini? Kwamba amekwisha kumwomba Bi. Lettice Barraclough!

Unamkumbuka, Mavis. Mjane wa yule mwoka mikate wa ng'ambo ya kilima, mfuga vicheche, anayekaa meza ya waamuzi kwenye maonyesho ya kila mwaka akigawa utepe wa washindi kama malkia. Kicheko chake unakisikia kabla hujamwona. Tangu Krismasi Baba amekuwa akipanda kilima kile, na kifua chake kibovu, eti anakwenda kutazama vicheche. Na ananyoa ndevu kwanza. Vicheche gani hao wanaotaka kidevu kilichonyolewa? Nakwambia wazi, nilikuwa na wivu, wivu wa kunikosesha usingizi. Mzee huyu nimemtunza mimi, nimemfulia, nimemchemshia maji ya kifua. Mwanamke huyo akiingia humu ndani, mimi nitakuwa nani? Mpangaji katika jiko la mama yangu? Fahali wawili hawakai zizi moja, na majike ndio usiseme.

Siku ya kuchagua ikafika. Baba akasema majike wasiletwe kwetu, wala Tinker asipelekwe kwa Bi. Lettice, kwa sababu kicheche akiwa kwake humwona kila mgeni mwizi. Wakutane mahali pasipo pa yeyote. Akaazima chumba cha shule ya Jumapili pale kanisani. Bi. Lettice akaja na majike watatu ndani ya sanduku, na kofia yenye manyoya ya kwale kichwani.

Mimi nikamchagua mweupe, mdogo, mzuri wa kutazamwa. Bi. Lettice akasema kijana kama huyo atamchosha mzee. Nikamjibu kwamba wapo pia wajane wanaochosha wazee. Baba akakohoa. Lakini kweli, yule mweupe aliposhushwa sakafuni alimng'ata Tinker sikio hapo hapo. Wa pili akajificha chini ya kinanda. Wa tatu alikuwa wa kahawia, mnene, sikio limechanika, jina lake Ginny. Mimi nisingemtazama mara mbili. Akamfokea Tinker, Tinker akamkamata shingo akamburuta chumba kizima, mayowe mtindo mmoja, nami nikaruka kuwatenganisha. Bi. Lettice akanishika mkono. "Waache, binti," akaniambia. "Kelele si vita. Usiingilie mpaka uone damu." Binti! Mimi na mvi zangu zote! Na kilichoniuma zaidi ni kwamba baada ya muda wawili wale walikuwa wamelala ndani ya kofia ya huyo huyo Bi. Lettice, wamejikunja hata hujui mkia huu ni wa nani.

Baba hakukubali waishi pamoja siku hiyo hiyo. Unazijua taratibu zake. Kwanza hubadilishana matandiko, kila mmoja alale kwenye harufu ya mwenzake. Halafu huogeshwa katika beseni moja, asiwepo anayenuka ugeni. Mwisho hulishwa sahani moja. Kwa hiyo Bi. Lettice akawa haishi kuja kwetu. Safari ya kwanza mvua ilimnyeshea, na Baba akampa aproni yangu aende nayo kwake. Yangu, bila hata kuniuliza! Shali yake ya sufu ikabaki kwenye kiti changu, inanuka sabuni ya lavenda. Nikaitundika mlangoni, nikirudi, iko kitini. Nikaisukumia kabatini, asubuhi iko kitini. Nikamwambia Baba amrudishie mwenyewe, akasema atasahau tu, si unajua uzee.

Kisha ukaja wakati wa kuogesha. Baba akadai mikono inamtetemeka, akatuachia sisi wawili beseni na maji ya uvuguvugu. Tukalowa mpaka mabegani. Ginny akanipanda kichwani, Bi. Lettice akaangua kicheko chake, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Tulipojikausha, Baba akaleta pai moja ya nyama kwenye sahani moja na vijiko viwili, eti sahani nyingine hazionekani. Tukala hivyo hivyo. Ndipo Bi. Lettice aliponyoosha mkono kuchukua birika la Mama.

Nililipuka, Mavis. Nikamwambia birika lile lina mwenyewe, na kama anatafuta mume, akamtafute huko huko kwenye utepe wake. Naye hakunikalia kimya. Akasema nimemfungia mzee wa watu kama kicheche sandukuni, halafu najiita mlezi. Tulifokeana mpaka jirani, Bi. Hobday, akafungua dirisha asikie vizuri. Na Baba? Kasimama mlangoni na kiko chake, anatutazama tu. Nikamgeukia nikamuuliza kwa nini hasemi neno. Akatoa kiko mdomoni taratibu.

"Sijaona damu bado," akasema.

Nikakaa chini. Aproni. Shali. Beseni. Sahani. Nikamuuliza ni kicheche yupi hasa aliyekuwa akimtafutia mwenzake. Hapo akakiri yote. Alimwomba Bi. Lettice waoane tangu Krismasi, na Bi. Lettice akamjibu kwamba hatavuka kizingiti cha nyumba hii ikiwa mimi nitakivuka kutoka kwa sababu yake. Baba hakujua aanzie wapi kuniambia, basi akafanya lile analolijua. Bi. Lettice mwenyewe hakuwa na habari ya hila hii. Akageuka mwekundu, akamrushia kitambaa cha vyombo. "Seth Ackroyd! Yaani umetunusisha kama wanyama, mimi na mtoto wako?" Baba akasema mbona kwa Tinker imefaa.

Sikuwaambia kwamba nimekubali. Niliwaacha pale pale jikoni, nikaenda kulala bila kuaga.

Leo Baba ameshuka dukani, na Tinker na Ginny wamelala kwenye majani yale yale ya Duchess. Tinker anakula sasa, anamwachia mwenzake vipande laini. Nilipokaa kukuandikia kulikuwa na baridi, nikajifunika kilichokuwa karibu. Nimeandika kurasa zote hizi ndipo nikagundua ni shali ya yule mwanamke. Nikainusa, nipate sababu ya kuivua. Mavis, hainuki lavenda tena. Inanuka nyumba yetu.

Basi nikitoka posta nitapanda kilima, nimwambie mimi mwenyewe kwamba aje. Usidhani wivu umeniisha, haujaisha. Birika la Mama litakaa juu kabatini, na yeye aje na lake.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Baba anakusalimu, anasema umwandikie habari za kondoo wenu. Na ukituma kadi ya kuwapongeza kwa harusi, iandike kwa majina yao wawili, maana mimi bado kalamu yangu inakataa.

Mdogo wako akupendaye,
Audrey