Mkwaruzo wa Chiriku

Karakana ya Makochi,
Mlango wa Kijani,
Nyuma ya Kiwanda cha Mikate.

Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako mkubwa, anayekuandikia akiwa ameketi juu ya kochi la watu lisilo na miguu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kiuno hakikusumbui tena, na wale wenzako mnaolala nao bwenini wameacha kukukoromea. Je, buti mpya za kazini zilikutosha? Unakula vizuri? Sisi huku tunaendelea, ingawa mimi roho inanichafuka tangu asubuhi mpaka jioni, na sababu nitakueleza. Shemeji yako presha yake imetulia. Mama Mdogo meno yamemwisha, ila domo bado lipo.

Nimeamua kuandika badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu huwa unaniwahi. Nikianza tu kusema, unanirukia na utani, tunacheka, tunaagana, na nilichotaka kukuambia kinabaki kooni. Mteja wangu mmoja anasafiri kesho kuja huko, atakukabidhi barua hii mkononi. Kaa chini uisome mpaka mwisho.

Habari za mwanao unazipata mtandaoni kama watu wengine, lakini mtandaoni hawakuoneshi alivyo akiwa humu ndani. Tangu mama yake atutoke na wewe ukaenda kutafuta riziki, mtoto huyu amelala chumba cha nyuma ya karakana yangu, na pamoja na umaarufu wake wote halali kwingine. Unakumbuka tulimpa jina la Chiriku kwa sababu ya kuongea. Alikuwa akijaza sponji kwenye mito huku anasimulia, anaimba na kugombana na redio, yote kwa pumzi moja. Sauti yake ilikuwa nyembamba na safi. Ndiyo iliyoubeba ule wimbo wake wa kwanza, mlioupiga bwenini kwenu mpaka msimamizi akawazimia umeme.

Mwaka jana sauti ikaanza kukwaruza. Nilidhani ni mafua. Akarekodi wimbo wa tatu hivyo hivyo, na katikati ya kiitikio sauti ikakatika, ikakwaruza kama mtu anayeburuta kiti sakafuni, kisha ikarudi. Mwenyewe aliomba arudie. Meneja wake akakataa katakata, akasema hapo hapo ndipo penye utamu.

Basi, mdogo wangu, watu wakapagawa. Ule mpasuko wa koo ukapewa jina, Mkwaruzo, na ukapata na wafuasi. Kukawa na Timu Mkwaruzo, wanaosema hiyo ndiyo sauti ya ukweli, na Timu Laini, wanaosema mtoto kaharibika na arudishiwe sauti yake ya kwanza. Wasusi wa saluni ya jirani wote ni Mkwaruzo. Fundi simu wa upande wa pili ni Laini, na ni Laini wa kutoka povu. Wanakuja kugombania kwangu kwa sababu kwangu ndiko kuna pa kukaa. Juzi mteja alikuja kuchukua kochi lake, akaishia kumfukuza fundi simu kwa futi yangu ya kupimia vitambaa.

Ningekuwa nacheka kama ingekuwa mpira. Lakini sikiliza wanayoyasema. Mmoja anaapa kwamba mtoto anavuta sigara, anajua mpaka anakonunua. Mwingine anasema anajikwaruzisha makusudi ili apendwe. Mwingine, mtu na akili zake, kaandika maelezo marefu kwamba sauti inapokatika pale Chiriku anamlilia mama yake, na watu maelfu wakamjibu kwamba wamelia nao. Mama yake hawakumjua! Hata kikombe cha maji hawakuwahi kumpa. Nilisoma maneno yale nikiwa nimeshika mkasi, nikauweka chini kwanza.

Wiki moja walinijia wasichana wawili, wamependeza, wananukia, wakaniomba kwa heshima zote niwaruhusu wakae ndani ya karakana wavute vumbi la sponji. Kisa, kuna mjuaji kaandika kwamba mkwaruzo ule umetokana na kukulia kwenye vumbi langu. Timu Laini nao wakaichukua habari hiyo hiyo kunitukana kwamba mimi ndiye niliyemharibu mtoto. Nikawauliza wale wasichana kama wazazi wao wanajua walipo.

Mmoja akanijibu, "Mama ndiye aliyetuleta, yuko kwenye gari pale."

Nikafunga mlango.

Mwezi uliopita nilimsindikiza Chiriku kwenye onyesho la mchana pale uwanjani. Nilisimama pembeni ya jukwaa na chupa ya maji ya uvuguvugu. Katikati ya wimbo akashikwa na kikohozi, kikohozi cha kweli, cha kuinamisha mgongo. Nikapiga hatua nimfuate. Hapo uwanja mzima ukakohoa. Walidhani ni sehemu ya wimbo! Watu wazima na watoto wao mabegani wanakohoa kwa mpigo, wanacheka, wameinua simu juu. Na yeye, kwa adabu zake, akawapungia mkono. Aliposhuka alijifuta mdomo, akaweka kitambaa mezani, na alipogeuka hakikuwepo. Jioni tukakiona mtandaoni, kimetandazwa juu ya mto na kupigwa picha, na chini yake watu wanabishana kama ni chenyewe au feki. Kitambaa cha makohozi ya mtu!

Nikampeleka kwa daktari wa koo, meneja apende asipende. Daktari aliingiza kimrija chenye taa, akatuonesha kwenye skrini: kivimbe kidogo kimekaa kwenye nyuzi za sauti. Nilimuuliza kuhusu vumbi, maana maneno ya watu yalikuwa yamenikaa rohoni. Akasema hapana, ni kuimba juu ya koo lililochoka, bila kupumzishwa. Akiendelea hivyo, sauti yote inaweza kwenda. Kikitolewa sasa na akatulia, atapona. Ila mkwaruzo utaondoka na kivimbe chake, na hakuna anayeweza kuahidi ni sauti gani itarudi.

Jioni ile ile alikuandikia wewe. Najua aliyoandika kwa sababu alinisomea kabla ya kutuma. Alikueleza alichoambiwa, akasema anaogopa, akauliza, "Baba, nifanye nini?" Simu ilionesha kwamba umesoma. Akasubiri. Kila nilipomwambia labda Baba yuko zamu, aliniitikia haraka haraka kana kwamba mimi ndiye wa kufarijiwa.

Wakati anakusubiri wewe, meneja akalipeleka jambo lenyewe kwa mashabiki. Akaweka swali mtandaoni: akatwe, asikatwe? Watu wakapiga kura, mdogo wangu. Walichagua juu ya koo la mtu kama wateja wangu wanavyochagua rangi ya kitambaa. Wengine waliandika kwamba akikatwa, wao hawamtaki tena. Mmoja akasema heri aimbe hivyo hivyo mpaka sauti iishe, maana nyimbo zitabaki. Nimesafisha makochi yaliyolaliwa na wagonjwa, yaliyokojolewa na watoto na kuzaliwa panya ndani, sikuwahi kuhisi kinyaa kama nilichohisi siku ile.

Jumatano moja tulikuwa karakanani. Mimi napiga pini mgongo wa kochi, Chiriku amekaa juu ya fremu ananikunjulia kitambaa. Redioni walikuwa na mjadala wa koo lake, na hatukuuzima kwa sababu mwenyewe alisema anataka kuona mwisho wao. Mtangazaji akatangaza kwamba kuna msikilizaji amepiga kutoka mbali. Nikakutambua kabla hujasema kitu, kwa ile namna yako ya kusafisha koo. Chiriku akainuka, akaongeza sauti ya redio. Alikuwa anatabasamu. Alidhani umepiga kumtetea.

Ukasema, "Mimi ndiye baba mzazi wa Chiriku. Sauti ile ni urithi wa ukoo wetu. Nawaomba madaktari wasiiguse, na sisi mashabiki tusimame pamoja."

Sisi mashabiki! Mtangazaji akakushangilia, akakuita mzazi wa mfano, na wasusi wakapiga vigelegele saluni kwao mpaka tukawasikia huku. Ukoo gani huo wenye mkwaruzo? Baba yetu alikuwa na sauti ya filimbi, na wewe huwezi kuimba hata wimbo wa kubembelezea mtoto.

Mwanao hakulia. Alizima redio, akarudi kukaa, akakunjua kitambaa mpaka kikaisha. Kisha akaniambia, kwa sauti hiyo hiyo mnayoigombania, "Shangazi, kumbe meseji yangu Baba aliiona."

Kesho yake alinigongea mlango akiwa ameshavaa, begi mkononi, tukaenda hospitali.

Upasuaji ulikwenda salama, namshukuru Mungu. Daktari amemkataza kusema, hata kunong'ona, hata kucheka kwa sauti, mpaka atakapomruhusu. Bado hatujui ni sauti gani itarudi. Meneja hajaleta hata chungwa. Yeye kazi yake ni kututumia malalamiko ya mashabiki, kana kwamba mgonjwa anahitaji kuyasoma ndipo kidonda kikauke. Asubuhi moja nafungua mlango nakuta shada la maua, yale ya kuweka makaburini, lina utepe ulioandikwa "Mkwaruzo, pumzika kwa amani". Mwenye koo yuko ndani anakunywa maziwa! Nililipeleka jalalani kabla hajaliona. Timu Laini nao wanasherehekea kana kwamba wameshinda vita, na fundi simu alitaka kunikumbatia. Nikamwambia aniondokee, maana katika wote hao, wa huku na wa kule, hakuna aliyeuliza kama mtoto anaumwa.

Sasa nakuja kwako. Mashabiki wamenitia kinyaa, lakini wale si damu yangu. Wewe umenitia kinyaa zaidi yao, na naliandika neno hilo nikijua uzito wake, kwa sababu mgongo huu ndio uliokubeba. Najua kazi yako ni ngumu. Najua hapo bwenini jina la mwanao ndilo linalofanya wakubwa wa kazi wakuite mzee na kukupisha kiti, na unaogopa kwamba mkwaruzo ukiondoka na kiti kitaondoka. Nakuelewa, tena nakuonea huruma. Lakini koo ni la mtoto. Alikuuliza wewe, ukaenda kuwajibu watu usiowajua.

Siku hizi karakana imekuwa kimya mpaka nasikia uzi ukipita kwenye kitambaa. Akitaka kitu ananigusa bega au anaandika kwenye simu. Ananishonea mito, na mishono yake imenyooka kuliko yangu. Simu yake ikiita, anatazama jina kwanza, kisha anaigeuza kifudifudi. Juzi aliniandikia, "Baba amekupigia wewe?" Nikatikisa kichwa. Nilitaka kuongeza uongo wowote wa kukusitiri, nikaukosa.

Shemeji yako anakusalimu sana, anasema ukija atakutengenezea kiti cha kiuno. Mama Mdogo naye anakusalimu, anasema hajui timu wala wimbo, anachotaka kujua ni lini unakuja akuone. Mama wa saluni anakusalimu pia, ingawa kwa sasa hatuongei. Wasalimie wenzako wote wa bwenini, na uwaombe waache kupiga ule wimbo kwa muda. Mungu akukinge na mashine za huko, akupe usingizi mzuri, akurudishe kwetu ukiwa na viungo vyako vyote.

Hapa salamu zimekwisha, limebaki ombi moja. Ukimaliza kusoma, piga simu. Usinipigie mimi, mpigie yeye. Nitamwambia apokee, lakini hataweza kukujibu, kwa hiyo usimuulize chochote. Usitaje wimbo, usitaje redio, wala usimwombe msamaha wa mbio mbio ili upumue wewe. Mweleze tu siku yako ilivyokwenda, mambo madogo madogo, kama baba anayeongea na mwanawe. Ukisikia kimya, usikate simu. Ndiye yeye, anakusikiliza.

Wako akupendaye hata akiwa amekasirika,

Dada yako