Konokono Aliyeacha Gamba

Jumapili usiku

Filamu ya bunduki iligoma kucheza, nikaweka ya bahari. Kibanda kizima cha video kikaninung'unikia. Ningefanya nini? Kazi yangu ni kushika maikrofoni na kuwasimulia kwa Kiswahili, na wakinyamaza naona nimekufa.

Akatokea konokono wa baharini asiye na gamba. Mwili wa buluu, mistari myeusi, ukingo rangi ya chungwa, anatambaa kwenye matumbawe kama bibi harusi. Nikasema, "Mnamwona? Mwenye nyumba kamfukuza, katoka na nguo za sherehe tu!" Wakacheka hadi benchi likaanguka.

Mama Furaha, jirani yangu aliyekimbia vita kwao Bunia, Kongo, hakucheka. Alinisubiri mlangoni. "Mwanangu, nani alimufukuza ule mududu?"

Nikaona aibu. Nikamwambia kweli, kama filamu yenyewe ilivyosema: anazaliwa na gamba, analiacha mwenyewe akiwa bado mdogo sana. Anaishi juu ya sponji za baharini zenye sumu, ndizo chakula chake, na ile sumu anaihifadhi ngozini. Zile rangi zinawaonya samaki wasimguse.

"Kwa hiyo hakuna mutu alimufukuza?"

"Hakuna, Mama."

Akashusha pumzi. "Mungu asifiwe. Nilikuwa nimeanza kumulilia."

Kesho naionyesha tena. Najua watautaka ule utani, wengine watakuja kwa ajili yake.

Nitasema ameondoka mwenyewe. Wasipocheka, wasicheke.