Manabii Hawakuomba Kazi

Ijumaa, mwezi wa nane, 2007

Joto la huku ughaibuni leo halina adabu. Nimerudi Garhoud kutoka ibadani Al Rigga, maana huku Ijumaa ndiyo Jumapili yetu, gauni limenigandia mgongoni, na moyo nao umegoma kutulia. Nimejilaza, nimeinuka, nimechemsha chai, sijainywa.

Ni huyu Rehema, mdogo wangu wa ibadani, mfanyakazi wa ndani kule Jumeirah. Leo Mtumishi, mchungaji wetu, kamsimamisha mbele ya watu, kamwambia Bwana amesema acha kazi, kafeel mpya, mwajiri wa kukudhamini viza, yuko njiani. Vigelegele! Na mimi nikapiga, mazoea tu, Mungu anisamehe. Kesho asubuhi Rehema anamwambia madam wake khalas, kazi basi. Akitoka mle bila kafeel, viza inafutwa, anapandishwa ndege, na wanawe wanaomtegemea ndiyo basi tena.

Wiki nzima nasoma, maana Ijumaa ijayo zamu ya kufundisha ni yangu: wito wa manabii wa Israeli ya kale. Jamani, wale watu hawakuomba kazi! Mmoja alilalamika yeye bado mtoto, mwingine alipanda meli akatoroka. Amosi alitolewa kwenye mifugo yake. Walioipenda kazi ni wale wa ikulu, waliokula mezani kwa mfalme na kumtabiria alichotaka kusikia. Nabii wa kweli alikwenda kumwambia mkubwa usoni kwamba unaonea wanyonge. Sijaona hata mmoja aliyetumwa kutabiri viza.

Haya yote nilikuwa nayajua pale pale, nimesimama, napiga vigelegele.

Namwogopa Mtumishi. Ndiye aliyenitafutia kazi ya hotelini, na wenzangu wote wa chumba hiki wanamwita baba. Akininunia yeye, wamenuna wote. Nitakwenda kulala wapi?

Nimempigia Rehema hivyo hivyo. Nimemwambia, mdogo wangu, usiache kazi kabla hujamwona huyo kafeel kwa macho yako. Akaniuliza, kwa upole kabisa:

"Dada, na wewe umetumwa na Mungu?"

Nikamwambia sijatumwa na mtu. Nakuogopea tu.

Akakata.

Nimekaa kitandani nikijiona mjinga. Ningejidai nimeota ndoto angenisikiliza, lakini hapo ningekuwa na tofauti gani na wale wa ikulu?

Simu inaita. Si Rehema, ni Mtumishi.

Bila shaka Rehema kashamwambia. Napokea.